Wasifu wa babu: askari wa Keya, mtu wa maabara Amani, baba wa watoto 9. Nisaidieni kuunyoosha

Mbonde_Asilia
Wakuu, tuna msiba wa babu hapa Muheza. Ibada ni Jumamosi na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuandika wasifu. Rasimu iliyotoka kwenye kikao cha familia inasema: alizaliwa 1922, akajiunga na JWTZ 1942, akapigana Burma hadi kuikomboa Rangoon, akarudi 1946. Mwaka 1947 akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, upande wa malaria, akastaafu 1979. Jina limetanguliwa na "Dk." Watoto 9, mama wawili. Nyaraka tulizonazo ni kitabu cha kuachishwa jeshi (kimechanika), nishani tatu, barua mbili za kazi, na cheti cha ubatizo chenye mwaka 1925. Mchungaji katoa dakika 7. Kipi kirekebishwe, kipi kitoke?

Keya_na_Karatasi
Poleni sana kwa msiba, mkuu.

JWTZ liliundwa Septemba 1964, kwa hiyo hiyo itoke leo hii. Mwaka 1942 kijana wa Tanganyika aliingia King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ndiyo Keya ya wazee, au moja ya vikosi vya usafirishaji, tiba na kazi za mikono. Kipi hasa, kitabu ndicho kitakachosema. Mkikuta 26 au 36 kabla ya K.A.R., hizo ni batalioni za Tanganyika na zote mbili zilikwenda Bama (Burma) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. E.A.A.S.C. ni usafirishaji na ugavi. E.A.A.M.C. ni tiba. Familia nyingi humgeuza dereva au mhudumu wa wagonjwa kuwa mpiga bunduki, kisha mzee mmoja aliyekuwa naye anakaa msibani anatikisa kichwa.

Rangoon nayo ifuteni. Divisheni ya 11 iliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, mvua za monsuni zikinyesha, ikafika Kalemyo Novemba na kuvuka mto Chindwin Desemba. Baada ya hapo ilirudishwa India kupumzika. Rangoon ilichukuliwa Mei 1945. Kutaja Kabaw na Chindwin kunampa babu heshima kubwa kuliko jiji ambalo huenda hakuliona.

Nishani: nyota ya ncha sita yenye utepe wa buluu iliyokoza, nyekundu pana katikati na mistari miwili ya rangi ya chungwa ni Burma Star. Mkiona Africa Star, ulizeni habari za Uhabeshi au Somalia, maana nayo ilitolewa kwa waliohudumu huko kuanzia Juni 1940. Nishani hizi za Waingereza hazikuchongwa jina la mtu, hivyo peke yake hazithibitishi kitu. Kitabu ndicho ushahidi. Na msizisugue kwa limao wala dawa ya kung'arishia shaba ili zipendeze kwenye picha.

Slaidi_Nene
Kwenye kazi kuna tatizo la tarehe. Mwaka 1947 Amani bado ilikuwa kituo cha kilimo. Wajerumani walikianzisha 1902, na chini ya Waingereza kazi mojawapo kubwa ilikuwa kuzalisha mihogo inayostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, hata kwa kuichanganya na mti wa mpira wa Ceara. Watafiti wengi wa kilimo walihamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, na malaria ikashika nafasi. Jina East African Institute of Malaria and Vector-Borne Diseases ni la miaka ya 1950. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ikaundwa kwa sheria ya 1979. Someni kichwa cha kila barua, mwandike jina la taasisi kama lilivyokuwa mwaka huo. Mtu anaweza kubadilishiwa mwajiri mara tatu bila kuhama meza.

"Dk." itoke kama hakuna shahada. Vijijini kila aliyekuja na sindano na slaidi aliitwa daktari, lakini kwenye karatasi ni suala jingine. Neno mwanasayansi mimi ningelikwepa pia, niandike cheo kilichomo kwenye barua, halafu nieleze kazi. Damu ya slaidi nene, yaani tone nene la damu kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa ya asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, kisha husomwa kwa lenzi ya mafuta: unahesabu vimelea hadi ufikishe chembe nyeupe 200, unazidisha mara 40 kupata idadi kwa mikrolita. Maji yakiwa na tindikali rangi inaharibika na vimelea havionekani vizuri. Kanisani msisome yote hayo. Inatosha sentensi moja kwamba alitafuta vimelea vya malaria kwa hadubini. Waulizeni wazee pia kama alikwenda mradi wa Pare–Taveta, 1954 hadi 1959, nyumba zilipopuliziwa dieldrini, dawa ya kuua mbu.

Karani_wa_Vikao
Mimi sikubaliani na Slaidi hapo kwenye mwanasayansi. Aliyekusanya data miaka thelathini ni mwanasayansi, na wajukuu wana haki ya kulisikia neno hilo. "Dk." ndiyo itoke.

Umri: angalieni kama 1925 ni mwaka wa kuzaliwa au wa kubatizwa, mara nyingi ni safu mbili tofauti. Jeshini umri ulikadiriwa kwa macho. Enzi zile wengi walistaafu wakifika 55, na 1979 ukitoa 55 unapata 1924. Andikeni "mnamo 1924", wala msibishane.

Dakika 7 ni maneno 650 hivi kwa msomaji asiyekimbia, yaani kurasa mbili za A4. Jeshi lipewe aya moja, kazi mbili, familia mbili. Kuugua sentensi mbili, na ugonjwa utajwe tu kama wajane na watoto wamekubali.

Familia ndipo panapolipuka. Watoto waandikwe kwa kufuatana kuzaliwa, wote 9 kwenye orodha moja, bila kuwatenga kwa mama. Waliotangulia wawekwe palepale kwenye nafasi zao na neno marehemu. Wajukuu, vitukuu na vilembwe hesabuni nyumba kwa nyumba. Ukiuliza mkutanoni utapata namba tatu. Mkubwa wa kila nyumba asome rasimu Ijumaa mchana na aweke sahihi. Badala ya "alikuwa baba mwema", andikeni alichokifanya: alimlipia nani ada, alipanda nini, aliwafundisha nini.

Mbonde_Asilia
Asanteni mno. Kitabu kinasomeka E.A.A.M.C., na barua ya 1947 ina neno Agricultural. Ya pili, ya 1955, ni ya malaria. Aya isomekeje?

Slaidi_Nene
Basi mambo yamekaa sawa, alitoka jeshini na ujuzi wa tiba. Jaribuni hivi: "Mwaka 1942 alijiunga na Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Afrika Mashariki, akahudumu Bama, akaachishwa 1946. Mwaka 1947 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo Amani, na kufikia 1955 alikuwa katika taasisi ya malaria hapohapo, alikofanya kazi hadi kustaafu 1979." Bama iacheni tu kama Burma Star ipo kati ya zile tatu.

Keya_na_Karatasi
Na kitabu kipigeni picha leo, karibu na dirisha, bila flashi, kurasa zote hata tupu. Msikipeleke kupigwa laminesheni wala kukibandika selotepu, gundi yake hugeuka njano na kung'oa wino.