Ukoo wa Bi Kidawa, Magomeni: kitabu alichomaliza Shangazi

JUMAPILI USIKU

Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Kile kitabu nimekimaliza leo baada ya Adhuhuri. Nimekaa nacho mapajani mpaka adhana ya Alasiri ikanikuta palepale mkekani. Nina maneno nacho, mnivumilie.

Salum: Waalaykum salaam. Shikamoo Shangazi. Kile cha Abdulrazak Gurnah, mwandishi wetu wa Unguja, nilichokuletea mwezi uliopita?

Zuhura: Marahaba mwanangu. Hichohicho, Theft. Mungu akulipe.

Mama Farida: Waalaykum salaam wifi. Kinasema nini? Maana sisi wengine Kiingereza cha kitabu kizima kinatuchosha.

Zuhura: Wifi, jina lake kwa lugha yetu ni Wizi. Kilitoka mwaka 2025, riwaya yake ya kwanza tangu apewe Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mambo yake ni ya Unguja na ya hapahapa Dar. Vijana watatu. Karim, ambaye mama yake Raya aliozwa binti mdogo kwa mwanamume mkali, akamkimbia, kisha akaja kuolewa tena huku Dar na mtoto akabaki kwa wazee. Fauzia, msichana mwenye akili anayesomea ualimu. Na Badar. Huyo Badar ndiye aliyenikosesha usingizi.

Zuhura: Badar ni mtoto wa kijijini. Analetwa mjini kwa akina Raya, bado hajabalehe sawasawa, anaachwa mlangoni na kifurushi chake. Hakuna anayemwambia kwa nini yupo pale. Anafagia, anaosha, anatumwa dukani. Ananyamaza. Mwandishi hakumfanya malaika wala hakumlilia. Alimwacha tu asikilize mazungumzo ya watu wazima akiwa nyuma ya mlango, nasi tunasikiliza naye. Halafu siku moja anasingiziwa wizi.

Mwanaidi: Shikamooni wote. Mama, mimi nimefika katikati. Nakisoma kwenye kivuko nikienda na kurudi Kigamboni. Usiniambie mwisho tafadhali.

Zuhura: Sisemi mwanangu. Umemwonaje Fauzia?

Mwanaidi: Fauzia nimempenda kuliko wote. Utotoni aliugua kifafa, na mama yake hajapumua tangu siku ile. Anamwangalia binti mzima kana kwamba ataanguka sasa hivi. Wodini namwona mama huyo kila wiki. Anamficha mtoto asiolewe, asisome mbali, asionekane. Hospitali tunatoa dawa, lakini hofu ya mama hatuna dawa yake. Sikutegemea mwanamume, tena mzee wa miaka 76 wakati kitabu kinatoka, aijue hofu hiyo kwa undani namna ile.

Zuhura: Umesema kweli tupu.

Mwanaidi: Karim simwelewi. Mwanzo nilimhurumia.

Zuhura: Endelea kusoma.

Idrisa: Waalaykum salaam. Dada, nimekusoma. Riwaya nzuri siikatai, lakini mimi mnanijua, napenda kitabu cha mtu aliyesimama akasema "hili nilifanya mimi". Badar hakuwahi kuwepo. Mzee Mwinyi, aliyekuwa Rais wetu, alikuwepo. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu nimeisoma mara mbili tangu ilipozinduliwa Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Imeandikwa kwa Kiswahili, mtu wa Tabata anaelewa bila mkalimani.

Salum: Baba Mdogo shikamoo. Kwa hilo la Kiswahili nakuunga mkono.

Idrisa: Marahaba. Na si lugha tu. Mtu alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu wakafia mikononi mwa polisi kule Shinyanga, akajiuzulu ilhali hakugusa mtu kwa mkono wake. Kuna riwaya itakayonifundisha zaidi ya hapo? Na Mkapa naye, mwaka 2019, kwenye kitabu chake aliandika wazi kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yamebaki doa katika urais wake. Rais kuandika hivyo akiwa hai, watu wakiwa hai, si jambo dogo.

Zuhura: Si dogo, na ukurasa ule wa Mkapa niliuheshimu. Lakini Idrisa, kumbukumbu za mkubwa zinaandikwa kutoka kwenye kiti cha mkubwa. Anachagua mwenyewe afungue mlango upi. Hata anapokiri, anakiri kwa wakati wake na kwa maneno yake. Aliyekuwa anapika chai siku ile, alisikia nini? Alirudi kwake amebeba nini? Huyo haandiki kitabu. Ndiyo maana namshukuru Gurnah, anakwenda kumchukua yule wa jikoni.

Idrisa: Dada, Mwinyi naye alikuwa mtoto wa kupelekwa. Kazaliwa Kivure, Mkuranga, akavushwa bahari mtoto mdogo kwenda Unguja, akasoma Mangapwani. Baba yake alimtaka awe mwanachuoni wa dini. Mtoto alivuka maji hajui atarudi lini. Huyo si Badar?

Zuhura: Hapo umenishika. Sikuwa nimewaweka pamoja.

Zuhura: Ila tazama tofauti. Yule alipelekwa asome. Huyu alipelekwa atumike. Wote watoto waliotolewa kwao, mmoja ana mtu anayemngoja huko aendako na mwingine hana. Ngoja nifikiri.

Mama Farida: Mimi naomba kuuliza. Hicho cha Peponi ambacho Salum alimsomea Bibi mwaka juzi ni cha huyuhuyu?

Salum: Ndiyo, Mama Farida. Paradise ya 1994, ile iliyoingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Ida Hadjivayanis alikifasiri, Mkuki na Nyota wakakitoa mwaka 2022. Nilikinunua duka la vitabu la TPH pale Samora. Yusuf ana miaka 12, baba yake ana deni, anamkabidhi mtoto kwa tajiri aitwaye Aziz kama rehani, na mtoto mwenyewe anadhani anakwenda kumtembelea ami yake.

Mama Farida: Bibi alilia kwenye ile ya Yusuf. Nakumbuka.

Salum: Na Shangazi, kwa maoni yangu Badar ni Yusuf amerudi baada ya miaka mia. Wakoloni wameondoka, bendera imebadilika, na mtoto bado yupo uani kwa watu kwa ajili ya deni la baba yake. Hilo ndilo lililonitisha.

Zuhura: Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote.

Zuhura: Niseme na ninachokilaumu, msije mkadhani nimerogwa. Kuna wageni wanaokuja Unguja, wa kujitolea na wa hoteli. Yule msichana wa Kiingereza anaingia, anavuruga, na sikumwona ndani. Wenyeji wote wana mama, wana babu, wana siri. Yeye ana nywele na tabasamu. Labda mwandishi alitaka tumwone jinsi wenyeji wanavyomwona, lakini kwa mtu anayevunja nyumba nilitaka zaidi. Na robo ya mwisho inakwenda mbio.

Mwanaidi: Mama! Anavunja nyumba ya nani?

Zuhura: Nisamehe mwanangu. Ulimi umeteleza.

Salum: Baba Mdogo, kuna kitabu cha kumbukumbu cha mwaka 2025 kingekufaa, cha Arundhati Roy wa Uhindi, kuhusu mama yake, Mary Roy. Mama yule alianzisha shule, na mwaka 1986 alishinda kesi Mahakama ya Juu ya nchi, wanawake wa Kikristo wa Kerala wakapata kurithi sawa na kaka zao. Na nyumbani alikuwa mkali mpaka bintiye akaondoka akiwa kijana mdogo. Kaandika yote mawili, hakumficha mama hata kidogo, na bado unaona anavyompenda.

Mama Farida: Mama akiwa hai?

Salum: Alishafariki, mwaka 2022.

Mama Farida: Mimi nisingeweza. Lakini hilo la mirathi ningelisoma. Nawajua wanawake wa Kimara ambao wangelihitaji kesho asubuhi.

Idrisa: Niletee hicho, Salum. Ndiyo aina ninayoisema.

Bibi (simu ya Farida): Bibi anawasalimu. Anasema nimsomee mlichoandika, nimemsomea chote tangu juu. Anauliza, huyo mtoto wa kwenye kitabu alisingiziwa kuiba nini?

Zuhura: Shikamoo Mama. Ni mambo ya vyakula vya dukani, vitu vya nyumbani.

Bibi (simu ya Farida): Bibi amenyamaza kidogo. Sasa anasema: "Kama yule mtoto wetu wa sukari."

Mama Farida: Mtoto gani wa sukari, mama?

Zuhura: Ndiye aliyenikosesha usingizi, wifi. Nilikuwa nazunguka tu nisimtaje.

Zuhura: Ilikuwa 1982. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Sukari ni ya foleni, sabuni ya foleni, mtu unaamka alfajiri kuweka jiwe kwenye mstari. Hapo Magomeni tulikuwa na kijana wa kazi kutoka upande wa Korogwe, wa miaka 13 hivi. Yeye ndiye aliyekuwa anatupangia foleni. Sukari ikawa inapungua kwenye mkebe. Baba marehemu akasema ni yeye. Mfuko wake ukamwagwa uani, mbele ya majirani: shati moja, kitana, barua. Sukari haikuonekana. Kesho yake akapakiwa kwenye basi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwalimu mtarajiwa, sikusema neno.

Bibi (simu ya Farida): Bibi anasema mfuko aliumwaga yeye kwa mkono wake. Anasema niandike hivyohivyo.

Mwanaidi: Bibi, shikamoo. Lala mama yetu, usiku umekwenda.

Zuhura: Nilipofika pale Badar anaposimamishwa mbele ya wazee, nilifunga kitabu. Siku tatu sikukigusa. Si kwa sababu ya Badar. Nilijaribu kukumbuka jina la yule mtoto na sikulipata. Alikaa kwetu zaidi ya mwaka. Tulikuwa tunamwita "boi".

Salum: Shangazi...

Zuhura: Idrisa, mlikuwa rika moja. Mlikuwa mnacheza mpira pamoja pale nyuma. Hulikumbuki?

Mama Farida: Shemeji yupo? Naona amesoma.

JUMATATU, ALFAJIRI

Idrisa: Sijalala. Nimeandika na kufuta mara nyingi.

Idrisa: Sukari niliichota mimi. Kidogo kidogo, kwa kikombe cha bati, nikaichanganya na maji na ndimu, nikanywa uani kule nyuma ya choo. Siku nyingine nilimpa na yeye. Alijua ni mimi. Mfuko wake ulipomwagwa alinitazama, akatazama chini. Angenitaja ningepigwa na yeye angebaki. Hakunitaja. Nilikuwa na miaka 13 na niliogopa fimbo ya Baba, lakini baadaye nilikuwa na 20, na 40, na Baba akafariki, na bado sikusema. Mama, nisamehe. Dada, jana niliandika kwamba Badar hakuwahi kuwepo. Naliondoa neno hilo.

Zuhura: Idrisa mdogo wangu. Nimekusoma.

Mwanaidi: Mjomba, nimetoka zamu sasa hivi nimekusoma. Asante kwa kusema.

Mama Farida: Shemeji, umebeba mzigo huo miaka yote hiyo. Pole.

Salum: Baba Mdogo shikamoo. Sina la kusema, ila niko hapa.

Idrisa: Jina nimelitafuta usiku kucha. Uwanjani tulimwita Zico, kwa sababu ya Kombe la Dunia la mwaka ule tulilolisikiliza redioni. La nyumbani kwao sijalipata.

Bibi (simu ya Farida): Bibi ameamka. Nimemsomea ya Baba Mdogo. Amelia, kisha amesali, kisha akaomba chai bila sukari.

Bibi (simu ya Farida): Anasema Idrisa aje leo, asiogope. Anasema kosa la mtoto ni la mtoto, la mtu mzima aliyemwaga mfuko ni la mtu mzima.

Idrisa: Nakuja Mama. Naoga nipande mwendokasi.

Bibi (simu ya Farida): Na Shangazi anaambiwa hivi: hicho kitabu kije, asomewe, yeye mwenyewe Shangazi awe anakifasiri papo kwa papo. Ijumaa baada ya Alasiri. Ukurasa wa kusingiziwa asiuruke.

Zuhura: Nitausoma wote Mama. Taratibu, Kiswahili cha kwetu.

Salum: Nitakuja na mikate ya kumimina.

Bibi (simu ya Farida): Subirini, Bibi ananishika mkono.

Bibi (simu ya Farida): Anasema mama yake yule mtoto alikuja mara moja kuchukua mshahara, amevaa khanga ya kisutu, akakataa kukaa kwenye kiti. Alimwita mwanawe kutoka pale mlangoni. Bibi anasema ameisikia sauti yake sasa hivi. Hemedi. Anasema alimwita Hemedi.