Kayaki kutoka Raskazone hadi mikoko ya Zigi: tutoke saa ngapi?

Mgeni_Tanga: Wakuu, salaam. Tuko wawili na kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu. Tunataka kutoka Raskazone hapa Tanga, tupitie kisiwa cha Toten, tuingie mikoko ya mdomo wa Mto Zigi na kurudi siku hiyohiyo. Kafi tunazijua, ila za ziwani. Tumepanga Jumapili saa moja asubuhi, mwezi utakuwa mpevu. Kuna shida?

Mwana_Chumbageni: Shida ni hiyo Jumapili yenyewe. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na bamvua ya Tanga hujaa kwenye saa kumi, hupwa kwenye saa nne. Mkitoka saa moja mnaifuata Zigi huku maji yanaikimbia. Saa nne mko juu ya tope, na tope la mikoko halitembeleki: linameza mguu mpaka gotini, na kwenye mizizi kuna chaza wanaokata kama wembe. Mtakaa hapo juani mpaka saa saba hivi.

Ngojeni wiki moja, mwezi ubaki nusu. Hapo maji ni mafu, hayajai wala kupwa sana, na kujaa kunaangukia kwenye saa nne asubuhi. Mkitoka saa moja maji yanawaingiza, saa nne mnageuza nayo yanawatoa. Kila siku kujaa huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo mkisogeza safari siku mbili, sogezeni na saa. Jedwali la maji ndilo la mwisho, hii ya mwezi ni makadirio. Maji mafu hayafiki vijito vya juu. Bakini kwenye mkondo mkubwa.

Pondo: Naongeza upepo, maana ndio unaowaumbua watu wa ziwani. Asubuhi bahari imelala, mnakwenda kama mnateleza. Kuanzia saa tano upepo wa baharini unaamka, na msimu huu wa kusi unatoka kusini-mashariki, yaani usoni kwenu wakati wa kurudi. Maji yanatoka, upepo unaingia: vikikutana, mawimbi yanakuwa mafupi na wima hata ndani ya ghuba. Kwa hiyo rudini mkiambaa ufuko wa kusini, rasi iwakinge, msikate katikati. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, kinga hiyo haipo, mdomo wa ghuba unatazama huko huko.

Njia ya meli ikateni moja kwa moja, msiifuate kwa urefu. Na tishari (chombo bapa cha mizigo) lililotia nanga lipiteni upande maji yanakoelekea, si yanakotoka. Mkondo ukiwabandika ubavuni mwake, kayaki inapinduka na kuvutwa chini.

Toten iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kama mtashuka kuona magofu, malizeni mambo ya kiingilio kabla ya kutoka.

Mgeni_Tanga: Nimewaelewa, tunasogeza. Tukipinduka je?

Kafi_Mbili: Mmoja ashike kafi zote na kamba ya omo, yaani ya mbele, asiachie; kayaki tupu na upepo huipati kwa kuogelea. Mwingine aende katikati, apitishe mkono juu ya tumbo la kayaki, ashike ukingo wa ng'ambo na kuuvuta kwa uzito wa mwili mpaka igeuke. Kisha wa kwanza aning'inie upande mmoja kama uzani, wa pili apande upande wa pili: piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, kifua kiingie, geuka ukalie makalio, miguu mwisho. Kosa la wengi ni kupiga magoti kwanza, inapinduka tena. Fanyeni zoezi hili Raskazone kwenye maji ya kifua, mara tatu kila mmoja.

Kabla ya yote kagueni kizibo cha nyuma. Mpira wake ukichakaa maji yanaingia tumboni polepole, hamyaoni, ila yanakimbilia upande mnaoegemea na kayaki inalewa. Ikianza kulewa bila wimbi, nendeni ufukweni mkamwage.

Jaketi livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti. Maji ya kunywa lita tatu kila mtu, filimbi shingoni, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na viatu vya soli ngumu kwa ajili ya wale chaza.