Mrejesho: chupa ya Shalimar niliyouliza kama ni ya Baccarat

Wakuu, niliuliza kuhusu chupa tupu ya marashi ya Shalimar niliyoinunua kwenye soko la vitu vya zamani la Saint-Ouen, nje kidogo ya Paris. Muuzaji aliapa ni kioo cha Baccarat, kiwanda maarufu cha vioo cha Ufaransa. Asanteni mlionishauri niigeuze nitazame kitakoni.

Si Baccarat. Kuna herufi H na P zilizoshikana, alama ya Pochet et du Courval, kiwanda kingine cha Ufaransa kilichowatengenezea Guerlain, kampuni ya marashi haya, chupa hizo. Za Baccarat huwa na muhuri wao chini. Umbo ni lilelile alilolichora Raymond Guerlain, lililotoka mwaka 1925: mwili kama beseni la chemchemi juu ya mguu mfupi, na kizibo cha buluu kama upepeo wa mkono. Ndiyo maana wauzaji wanachanganya, au wanajifanya kuchanganya!

Kilichonifurahisha zaidi ni shingo. Bado ina mabaki ya uzi na utando mwembamba. Zamani kizibo cha kioo kilisagwa kiikae shingo yake, kisha kikafungwa kwa utando na uzi ili marashi yasivuje wala kuingia hewa. Kazi ya mikono hiyo, mafundi wanawake ndio waliokuwa wakiifanya sana. Sitausafisha huo uzi hata kidogo.

Boksi halikuwepo, na bei nimeshalipa ya Baccarat. Siiuzi lakini, inakaa kabatini.