Tupeane uzoefu: tai na mwewe wa ushago walienda wapi?

Mwana_Rongai: Wadau, nimepita nyanda za Athi-Kapiti, nikaangalia juu hadi shingo ikauma, hakuna tai hata mmoja. Zamani mbuzi akichinjwa walikuwa wanazunguka kabla ngozi itoke. Kwenu hali iko aje?

Nyakio_K: Kikuyu pia. Mwewe walikuwa wanamaliza vifaranga, siku hizi vinatembea tu.

FundiStima: Wacha hizo. Hapa town mwewe wamejaa, wananyakua chapo mikononi mwa watoto.

Nyakio_K: Si nimesema Kikuyu? Wa town wanakula takataka. Kwetu miti mirefu imekatwa tukajenga ploti, watatagia wapi?

OleWaKajiado: Niwaambie nilichoona mimi. Fisi waliingia boma ya jirani wakaua kondoo, asubuhi yeye akaupaka mzoga dawa ya kuua wadudu, ile ya shamba, akaacha hapo nje. Tai mmoja akishuka wengine wanamwona wakiwa mbali sana, wote wanakuja. Tulipofika walikuwa wamelala kila mahali mabawa wazi, mmoja anajaribu kusimama shingo inaanguka, mbwa wetu pia amekufa, na fisi hata hakurudi. Tukakusanya kuni tukachoma kila kitu, juu ukiacha hiyo mizoga wengine watashuka tena. Na tai anataga yai moja tu, mwaka mwingine hatagi kabisa. Hao watarudi lini?

Mama_Tasha: Woiye. Pole sana ndugu yangu.

Kip_Ngong: Na mfugaji afanye nini? Fidia ya serikali unaingoja mpaka unazeeka.

OleWaKajiado: Hata mimi ni mfugaji. Fisi wamekula wangu pia na sijaweka sumu.

Mwana_Rongai: Wekeni zile taa za kuwakawaka alizobuni kijana wa huko karibu na Nairobi Park, simba wanaziogopa.

Kip_Ngong: Simba sawa. Kwa fisi nunua mbwa wakali.

Mama_Tasha: Mbwa wafe na sumu ya jirani tena?

FundiStima: Kwa tai mko sawa. Nguzo za stima pia zinawaua, mabawa ni mapana, yakigusa nyaya mbili amekwisha. Tunawaokota chini.

Nyakio_K: Tangu 2015 tai mgongo-mweupe yuko kwa orodha ya dunia ya walio karibu kuisha kabisa. Ukipata mzoga wa sumu usiguse, funga mbwa, pigia KWS, wale wa serikali wa wanyamapori.

OleWaKajiado: Mwenye namba ya ofisi yao ya Kajiado aweke hapa.