Mrejesho: Upasuaji wa ngiri wa mwanangu na hofu ya dawa ya usingizi

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama niahirishe upasuaji wa ngiri wa mwanangu wa miaka 2 hapa Jinja, kwa kuwa nilisikia kwamba dawa ya usingizi huharibu ubongo wa watoto wadogo. Nawashukuru nyote, hasa dada muuguzi aliyefafanua kwamba tahadhari iliyotolewa Marekani mwaka 2016 ilihusu watoto wa chini ya miaka 3 wanaolazwa usingizi kwa zaidi ya saa 3 au mara kwa mara.

Nilifuata ushauri wa kumuuliza mapema mtaalamu wa usingizi kama atakaa na mtoto mwanzo hadi mwisho, na kama kuna kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Hakuchukizwa, alinionyesha kifaa chenyewe.

Kwenye kufunga nilishindwa. Alipaswa akae saa 6 bila chakula, lakini bibi yake alimhurumia akampa uji alfajiri, kwa sababu sikuwa nimemweleza kwamba chakula kilichoko tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, tukarudishwa nyumbani.

Wiki iliyofuata upasuaji ulichukua dakika 40. Aliamka akilia na kurusha mateke karibu nusu saa, kana kwamba hanijui, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo (nami niliogopa kweli), na kwa siku tatu alishtukashtuka usiku. Sasa analala vizuri na kidonda kimepona.