Neno "mazingira" linatupotosha: mjadala kuhusu chanzo cha mwelekeo wa kimapenzi

Wakuu, swali letu huwa lilelile: mtu huzaliwa shoga au hufundishwa? Mimi naona tunakwamishwa na neno moja, mazingira.

Mwanzoni mwa 2014 Rais Museveni wa Uganda aliwataka wanasayansi wa nchi yake wamweleze chanzo cha mapenzi ya jinsia moja, muswada wa kupinga ushoga ukiwa mezani kwake. Wakamjibu kwamba si ugonjwa, kwamba hakuna jeni moja mahususi inayoyaleta, na kwamba mazingira yanaweza kuchangia. Februari 24 akatia saini, akieleza kuwa wanasayansi wamemhakikishia ni tabia, si maumbile. Mahakama iliibatilisha sheria ile Agosti kwa sababu akidi ya bunge haikutimia, lakini tafsiri ya Museveni bado iko vinywani mwetu: kama si jeni, basi kafundishwa.

Hapo ndipo ninapobisha. Kwa watafiti wa mapacha, mazingira ni kila kisichokuwa jeni, tumbo la mama likiwamo. Nchini Sweden, mwaka 2010, walilinganisha jozi 3,826 za mapacha. Kwa wanaume, jeni zilieleza asilimia 34 hadi 39 ya tofauti za mwelekeo kati ya mtu na mtu. Malezi ya pamoja, yaani nyumba moja na wazazi walewale, yalitoka sifuri! Yote yaliyobaki ni mambo ambayo kila pacha huyapitia kivyake, na hayo huanza kabla hajazaliwa. Kwa wanawake malezi ya pamoja yalifika kama asilimia 16, nalo nalisema wazi.

Kanada nako, tangu 1996, watafiti Blanchard na Bogaert walionyesha kwamba kila kaka aliyemtangulia mwanamume tumboni mwa mama humwongezea uwezekano wa kuwa shoga kwa takriban theluthi, ingawa uwezekano wenyewe hubaki mdogo. Mwaka 2006 Bogaert akapima pia makaka wa kambo na wa kuasiliwa: hawakuongeza chochote, hata walipokua nyumba moja. Wapo watakwimu wanaoupinga mtindo huu wa hesabu, na hoja zao ni za kusikilizwa.

*Mchangiaji:*
Mkuu, unazungusha maneno. Utafiti wa 2019 wa watu karibu laki tano ulimaliza kazi: hakuna jeni ya ushoga. Halafu wewe hukusoma bweni? Yanayofanyika kule tunayajua, na hakuna aliyekwenda nayo kutoka kwao.

*Mleta mada:*
Ndugu yangu, utafiti huo haukusema hivyo. Ulisema hakuna jeni *moja*. Zipo nyingi, kila moja ikisukuma kidogo sana, na kwa pamoja zinaeleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti katika tabia hiyo. Urefu wa mtu nao hauna jeni moja, na hatusemi kafundishwa kuwa mrefu. Udhaifu mkubwa wa utafiti huo kwetu ni mwingine: waliopimwa walikuwa wenye asili ya Ulaya.

Bweni nimesoma, miaka minne. Niliowajua kwa mambo hayo, wengi wao leo wana wake, na hakuna aliyewatibu. Kufanya jambo kwa kukosa mwingine na kuvutiwa kwa moyo ni vitu viwili, na ninyi mnavichanganya.

Kama malezi ndiyo chanzo, nieleze hili. Kuna wavulana waliozaliwa na kasoro za via vya uzazi, au ambao via hivyo viliharibika wakiwa wachanga, madaktari wakawafanyia upasuaji na wazazi wakawalea kama wasichana: magauni, majina ya kike, kila kitu. Mapitio ya kitaalamu ya 2016 yalikusanya visa saba ambavyo mwelekeo wao ukubwani ulijulikana. Wote saba walivutiwa na wanawake.