Naomba ushauri: mpira laini au paipu ngumu kwa kompyuta ya kupozwa na maji?
Wakuu habari zenu, naomba msaada kidogo. Nafunga kompyuta ya kupozwa na maji, radieta ya milimita 360 ipo, pampu ipo, nimekwama kwenye paipu tu. Muonekano wa PETG (paipu ngumu ya plastiki ya kuonyesha ndani) ya milimita 16 naupenda sana ila nikiikunja kwa hitigani (kile kipuliza hewa ya moto), hata nikiweka mpira wa silikoni ndani, kona inabonyea tu, halafu siku ukitaka kubadili kadi ya grafiki ndo uanze kumwaga maji na kukata paipu upya, kazi kweli. Mpira laini rahisi, ila ile PVC ya kuonyesha ndani inakujaga kufanya ukungu. Na chumba changu hapa Dar hakina AC.

Je, maji yakifika nyuzi 50 PETG haitalegea kwenye fitingi au bora akriliki (ile plastiki ngumu nyingine)? Na mwenye EPDM nyeusi (mpira laini usioonyesha ndani) ya 10/16, yaani milimita 10 ndani na 16 nje, kona za karibu haijikunji?